Fomu irudi kwa fundi, siyo mama arudi nyumbani



Msimu A uliopita nilikaa huko Sange na mama mmoja mlimaji. Tulikuwa tunajaza kwa simu yake fomu ya kuomba mbegu ya mahindi. Hiyo fomu ilipangwa ndani ya jedwali, tunalozoea kuita tablo: maswali kushoto, visanduku vya kujaza kulia. Kwenye kompyuta ya ofisi ilionekana vizuri. Lakini kwenye simu yake ndogo, visanduku vilikuwa nje ya kioo. Akivuta kulia, kisanduku kinaonekana, swali linapotea.

Pahali pa hekta akaandika 7, hesabu ya watu wa nyumba yake. Shamba lake ni nusu hekta! Na mimi nilikuwa pale, sikuona. Orodha ilipotoka jina lake halikuwemo, eti ni mlimaji mkubwa. Mvua ya Septemba haikumngoja.

Watu wakasema, «Huyu mama hajui simu.» Mimi nakataa. Kosa ni la fomu.

Kuna njia nyingine, na siyo mpya. Tangu 1996 iko lugha inaitwa CSS, ya kuvalisha kurasa za intaneti. Fundi anaandika maswali peke yake, kila swali na kisanduku chake. Halafu CSS inapanga upana, rangi na nafasi. Kwenye kompyuta swali na kisanduku vinakaa sambamba. Kwenye simu, kisanduku kinashuka chini ya swali lake. Fomu ni ile ile moja. Sisi tunaolima mpunga katika bonde la Ruzizi tunaelewa: tuta la kuzuia maji linafuata mteremko wa shamba, haliletwi limekatwa tayari kutoka ofisini.

Tena simu inaweza kuchukua faili ya CSS mara moja na kuitunza, basi kurasa zinazofuata zinakula mega kidogo. Na mega tunanunua sisi.

Sisemi jedwali litupwe. Bei ya muhogo Uvira, Sange na Luvungi, wiki kwa wiki, hiyo ndiyo kazi yake. Kupanga fomu siyo kazi yake.

Wengine wanasema turudi kwa karatasi. Sawa, lakini mwishoni kuna mtu anayeinakili yote katika kompyuta, na makosa yanaingia hapo hapo.

Kwa hiyo naomba kamati zetu: kabla ya kukubali fomu ya shirika lolote, hata letu hili, mpeni kwanza mwanachama mwenye simu ndogo kuliko wote. Aijaze juani, bila agronomi pembeni. Swali likae juu ya kisanduku chake. Kabla ya kutuma, fomu imwonyeshe yote aliyoandika. Akishindwa, fomu irudi kwa fundi, siyo mama arudi nyumbani bila mbegu.