Mnunuzi wa kipakatalishi asiuziwe mbuzi guniani

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Tangu siku hiyo, tarakilishi inayotumia mfumo huo haipati tena marekebisho ya kuikinga dhidi ya wadukuzi, isipokuwa mwenyewe awe amejiandikisha katika mpango wa muda ambao kampuni hiyo ilitangaza kuwa ungefika Oktoba 2026. Muda si muda likazuka jambo la pili. Mwishoni mwa mwaka uo huo, bei ya vijenzi vya kumbukumbu ilipanda kote ulimwenguni, kwa kuwa viwanda vinavyoviunda vilielekeza nguvu zao katika kuhudumia mitambo mikubwa ya akili unde. Mnamo Desemba 2025, kampuni ya Micron ilitangaza kwamba itaachana na biashara ya kumuuzia mnunuzi wa kawaida kumbukumbu zenye jina la Crucial.

Mambo haya mawili yameshikana kumbana mtu mmoja: mnunuzi mwenye pesa chache. Huyo ndiye mwanafunzi anayesubiri mkopo wa HELB. Ndiye mwalimu anayetakiwa kujaza TPAD ya Tume ya Huduma kwa Walimu na kupeleka alama za wanafunzi wake KNEC kwa njia ya mtandao. Ndiye mzazi aliyeuza fahali ili bintiye asiende chuoni mikono mitupu. Mtu wa namna hii akiuziwa kitu kibovu, hana akiba ya kununua kingine. Je, anunue nini?

Nionavyo mimi, jibu halimo katika bei pekee, wala halimo katika upya wa bidhaa. Limo katika tarakimu chache ambazo lugha ya wauzaji huzifunika. Aliyejifunza kuzisoma tarakimu hizo atatambua kwamba, mara nyingi, kipakatalishi kidogo kilichokwisha kutumika ofisini kwa miaka kadhaa ni bora kuliko kipya kinachouzwa kwa bei iyo hiyo.

Huenda msomaji akauliza, mwanaisimu anatafuta nini katika mambo ya mitambo? Jawabu ni kwamba biashara hii inaendeshwa kwa maneno. Sisi wapenzi wa Kiswahili tumebishana miaka na mikaka juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi, hata tukalipata neno hili zuri la kipakatalishi, lenye kumkumbusha mtu mama aliyempakata mwanawe. Tulipokuwa tukibishana juu ya jina la chombo, wauzaji wa Luthuli na Moi Avenue walikuwa wamekwisha kujitungia msamiati wao. Katika msamiati huo yapo maneno matatu yanayopasa kuchunguzwa: "mpya", "Core i5" na "64".

Tuanze na "mpya". Kipakatalishi kipya cha bei ya chini kabisa hupunguziwa kila kisichoonekana kwa macho. Ganda lake hung'aa na rangi yake huvutia, lakini ndani aghalabu mna kumbukumbu ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ya aina iitwayo eMMC. Aina hii ya hifadhi ni jamaa ya ile inayotumika katika simu na kadi ndogo za picha. Ni ya polepole ikilinganishwa na SSD, na kwa kawaida imechomelewa kwenye ubao wa mashine, kwa hivyo haibadilishwi. Microsoft yenyewe inazitaja GB 4 za kumbukumbu na GB 64 za hifadhi kuwa kiwango cha chini kabisa cha kuendeshea Windows 11. Walimu wenzangu wataelewa: kiwango cha chini kabisa ni kama alama ya mwisho ya kupita mtihani. Haimaanishi kwamba mwanafunzi amelielewa somo.

Namkumbuka mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliyekuja kuniomba muda zaidi wa kukamilisha mradi wake wa utafiti. Kipakatalishi chake kilikuwa na umri wa miezi minne. Hakuwa ameweka humo sinema wala muziki. Mfumo wenyewe pamoja na marekebisho yake ulikuwa umekwisha kuijaza hifadhi, na kila marekebisho mapya yalipofika, mashine ilikwama. Fundi alimwambia kwamba hapakuwa na cha kubadilisha. Kazi yake aliimalizia katika tarakilishi za maktaba, akipanga foleni na wenziwe. Wazee walinena kwamba rahisi huvunja upishi, na hapo upishi uliovunjika ulikuwa muhula mzima.

Neno la pili ni "Core i5". Muuzaji hulitaja kwa sauti kuu, na mnunuzi hulipokea kama cheti. Mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba mzizi -pig- haumwelezi nani kapiga, kampiga nani, wala lini. Hayo huelezwa na viambishi. Vivyo hivyo, "Core i5" ni mzizi tu. Maana imo katika tarakimu zinazofuata. Prosesa iitwayo i5-7200U ni ya kizazi cha saba na ina viini viwili. Ile iitwayo i5-8250U ni ya kizazi cha nane na ina viini vinne. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi. Kuanzia kizazi cha kumi, tazama mbili za kwanza. Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Kwa prosesa nyingi za Intel, Windows 11 hukubali rasmi kuanzia kizazi cha nane kwenda mbele. Kwa hivyo anayeuziwa leo "Core i5" ya kizazi cha sita au cha saba anauziwa mashine ambayo mfumo wake wa Windows 10 umekwisha kuachwa, na ule mpya hauitambui rasmi.

Neno la tatu ni "64", pamoja na ndugu zake "128" na "256". Muuzaji akisema "ina 128", muulize: 128 ya nini? Kumbukumbu, yaani RAM, ni meza unayofanyia kazi. Hifadhi ni kabati unamowekea vitabu. Kabati kubwa halimsaidii mwenye meza ya kiganja. Kwa matumizi ya kila siku, yaani kuandika maandalio ya kazi na tasnifu, kujumlisha alama, kuhudhuria mihadhara ya mtandaoni na kufungua kurasa kadhaa za intaneti kwa pamoja, ningemshauri mtu asishuke chini ya GB 8 za RAM na GB 128 za SSD, na akiweza apate 256.

Basi mashine hizo zinapatikana wapi kwa pesa chache? Zinapatikana miongoni mwa zile ambazo wauzaji wetu huziita "ex-UK", yaani mitumba ya ofisi za ng'ambo. Tuchukue mifano mitatu ya takriban mwaka 2018: Dell Latitude 7290 na Lenovo ThinkPad X280, zenye skrini za inchi 12.5, na HP EliteBook 830 G5, yenye inchi 13.3. Hizi ni ndogo, huingia katika mkoba na kubebwa kwenye matatu bila taabu. Ziliundwa kwa ajili ya wafanyakazi wanaosafiri, kwa hivyo bawaba na kibodi zake ni imara. Nyingi zina prosesa ya kizazi cha nane, ingawa baadhi ziliuzwa pia na ya kizazi cha saba, ndiyo maana jina lililoandikwa juu ya kifuniko halitoshi. Washa mashine, ufungue ukurasa wa maelezo yake, usome mwenyewe. Ikumbukwe pia kwamba katika X280 RAM imechomelewa: ukiinunua na GB 8, utabaki na hizo 8. Katika 830 G5 mna nafasi mbili za kuongezea.

Sisemi kwamba mitumba haina ila. Ila ya kwanza ni betri. Ukiandika amri powercfg /batteryreport katika dirisha la amri la Windows, mashine itakuandalia taarifa yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake wa sasa. Wa sasa ukiwa nusu tu ya ule wa awali, jumlisha gharama ya betri nyingine kabla hujakubali bei. Ila ya pili ni vifungo. Mashine iliyokuwa mali ya shirika huenda bado ina nywila ya BIOS, na Chromebook iliyotoka katika shule ya ng'ambo huenda bado imesajiliwa kwa jina la shule hiyo, ikawa haimfungukii mgeni. Ila ya tatu ni kibodi. Katika kibodi ya Kijerumani, herufi Z na Y zimebadilishana mahali. Anayetaka kuandika "kazi" ataona "kayi". Katika ile ya Kifaransa, A na Q zimebadilishana, na "baba" hugeuka kuwa "bqbq". Mpangilio unaweza kurekebishwa katika mfumo, lakini maandishi yaliyo juu ya vibonye yatabaki yalivyo.

Kwa kuwa nimezitaja Chromebook, ni vyema niongeze neno. Hizi ni nyepesi, huendeshwa na mfumo wa Google, na humfaa mtu ambaye kazi zake nyingi ni za intaneti. Lakini kila aina ina tarehe ya mwisho ya kupokea marekebisho. Mnamo Septemba 2023, Google ilitangaza kwamba muda huo utakuwa miaka 10, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotolewa, si tangu ulipoilipia wewe. Anayenunua Chromebook kuukuu bila kuiangalia tarehe hiyo ni sawa na anayenunua dawa bila kuangalia siku ya kuharibika kwake.

Naye aliye na kipakatalishi cha zamani, kisichokubaliwa na Windows 11, afanyeje? Asikitupe. Upo mfumo endeshi wa Linux, na mojawapo ya aina zake ni Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo lina mzizi ule ule wa Kibantu uliotupa maneno mtu na utu. Mfumo huo hautozwi hata senti, na programu ya LibreOffice inayofuatana nao hutosha kuandikia insha, barua na majedwali ya alama. Kasoro yake ni kwamba programu nyingine zinazodaiwa na vyuo, hasa za kufanyia mitihani, huenda zisifanye kazi humo. Mtu aulize chuoni kwanza.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba kitu kipya kina dhamana ya mwaka mzima, ilhali cha mtumba kinaweza kufa wiki ijayo. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, dhamana hulinda dhidi ya kuharibika. Haimlindi mtu dhidi ya mashine ambayo ni dhaifu tangu kuzaliwa. Kipakatalishi chenye hifadhi iliyojaa hakijaharibika kwa mujibu wa dhamana, ingawa kwa mwenyewe kimekwisha kufa. Historia nayo inatufunza. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ilileta Eee PC, kipakatalishi kidogo chenye skrini ya inchi 7. Ulimwengu uliishangilia, wengine wakaiga, lakini kufikia mwaka 2013 vipakatalishi vya aina hiyo vilikuwa vimekwisha kutoweka madukani. Kompyuta kibao zilikuwa zimeingia, na wengi walikuwa wamechoshwa na mashine zisizoweza kazi. Udogo wa umbo haukuwa na kosa. Ila ilikuwa katika unyonge wa ndani.

Mwisho, suala hili ni la haki pia, wala si la ujanja wa mnunuzi mmoja mmoja. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, na haki ya kupewa maelezo atakayoyahitaji ili afaidi kikamilifu alichokinunua. Katiba hiyo hiyo inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Iweje basi karatasi ibandikwayo juu ya kipakatalishi iwe ni msururu wa vifupisho visivyoelezwa kwa lugha yoyote? Duka linalojiheshimu lingeandika mistari mitano kwa Kiswahili chepesi: kizazi cha prosesa, kiasi cha RAM, aina na ukubwa wa hifadhi, nguvu iliyobaki katika betri, na miezi ya dhamana. Kizuri chajiuza, hakina haja ya kujificha nyuma ya maneno.

Hadi maduka yatakapofanya hivyo, mzigo huu tunao sisi walimu. Somo la kuitambua mashine halihitaji maabara wala vitabu vipya. Dakika 40 za kipindi kimoja zinatosha, pamoja na ubao na chaki. Na wewe mwanafunzi, uendapo dukani, idai mistari hiyo mitano iandikwe kwenye risiti kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikataa kuiandika, funga mkoba wako uende duka la pili.