Wengi Wape, Ila Haki ya Jirani

Wengi wape, walinena wahenga, na katika mashauri mengi ya mji neno hili ni la hekima, kwa kuwa rai ya mmoja haifai kuutawala umma. Walakini liko jambo ambalo wengi wakipewa, wachache hubaki hawana pa kulaza watoto wao, nalo ni idhini ya kumvua jirani kinga aliyokwisha kuvikwa na sheria. Jambo hili lilipimwa kwa ukali katika jimbo la California, Marekani, baina ya mwaka 1963 na 1967, na madhali majimbo ya nchi ile hayajaacha kuzipunguza kinga za raia zilizowekwa na waliotangulia, wala wanaodhulumiwa hawajaacha kuzikimbilia mahakama, yatupasa tuirejee habari ile kwa utulivu.

Mwaka 1959 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya Unruh, iliyoharimisha ubaguzi katika biashara za kila namna. Na mwaka 1963 ikafuata sheria ya W. Byron Rumford, mfamasia Mweusi wa Berkeley aliyekuwa mbunge, iliyowakataza wenye majengo makubwa ya kupangisha wasimfungie mtu mlango kwa ajili ya rangi yake. Chama cha madalali wa nyumba na viwanja hakikuridhika. Shauri likapelekwa kwa wapiga kura, na tarehe 3 Novemba 1964, siku ile ile walipompa ushindi Rais Lyndon Johnson, ambaye miezi minne kabla alikuwa ameitia saini sheria kuu ya haki za raia, Wakalifornia zaidi ya 4,500,000, dhidi ya 2,400,000 hivi, wakakubali kukitia kifungu kipya katika katiba ya jimbo lao.

Kifungu hicho chataka kusomwa taratibu. Hakikutaja rangi, wala Mweusi, wala Mweupe. Kilisema tu kwamba jimbo, na kila mamlaka iliyo chini yake, halitamzuia mtu kukataa kuuza au kupangisha milki yake kwa amtakaye, kwa hiari yake isiyo na mpaka. Asiyejua habari angedhani anasoma tamko la uhuru. Lakini mwezi uliofuata, mume na mke walikwenda mahakamani kuomba wasitolewe katika nyumba waliyoipanga kwa mwezi, wakidai kwamba wanafukuzwa kwa sababu ya rangi. Naye mwenye nyumba akaleta dai lake, akiiomba mahakama itamke ya kuwa anayo haki ya kuwatoa hata kama sababu yake ni hiyo hiyo rangi. Hapo maana ya hiari isiyo na mpaka ilidhihirika, na waliodhihirishiwa ni wapangaji wenye vyombo vyao ndani.

Huko Santa Ana nako, katika jimbo lile lile, Lincoln na Dorothy Mulkey, walioshtaki kwamba walinyimwa nyumba mwaka 1963 kwa sababu ya rangi yao tu, waliambiwa na mahakama ya chini kwamba kifungu kipya kimelifuta dai lao. Wakakata rufaa. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya California ikawapa haki, na tarehe 29 Mei 1967, kwa majaji 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaithibitisha hukumu hiyo katika kesi ya Reitman, mwenye nyumba, na Mulkey: kifungu kile kililitia jimbo lenyewe katika ubaguzi wa watu binafsi, kinyume cha Rekebisho la 14 la Katiba ya Marekani, lisiloruhusu jimbo kumnyima mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria.

Jaji Harlan, mmoja wa wale wanne, alipinga, na insafu yataka asikilizwe. Alisema kwamba jimbo lililojitoa katika shauri la watu wawili halijambagua yeyote, na kwamba ikiwa sheria ya namna hii ikishatungwa haifutiki, wabunge wa kesho wataogopa kuitunga. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Ila California haikufuta sheria ikanyamaza. Aliyeng'oa ua amefanya jambo moja. Aliyeandika hati kwamba ua huo usijengwe tena na mtu yeyote, amefanya jingine. Kifungu kile kiliwafungia njia wabunge, miji na mabaraza, hata aliyetaka kinga irudi ilimlazimu aibadili katiba ya jimbo, ilhali mwenye kutaka jambo jingine lolote alipeleka ombi lake bungeni kama kawaida. Mwaka 1969 Mahakama ile ile ya Juu ya Marekani iliukataza mji wa Akron, Ohio, kufanya mfano wa hayo, kwa kuwa uliziwekea sheria za makazi ya haki sharti la kupigiwa kura na raia wote, sharti ambalo sheria nyingine hazikuwekewa.

Basi hapa ndipo nasimama: wengi wana haki ya kubadili sheria, lakini hawana haki ya kuwawekea wachache ngazi ndefu kuliko yao, na anayewashtaki kwa hilo haidhulumu demokrasia. Hata hivyo mtu asiiegemee mahakama peke yake, kwani mwaka 2014 majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliiacha Michigan iendelee na kura yake iliyozuia vyuo vya umma kuitazama rangi katika kuwapokea wanafunzi, na ngao iliyomkinga Mulkey ikaonekana nyembamba.

Kazi ya mahakama ni kuuacha mlango wazi. Kuingia ni kazi ya watu. Mwaka 1968 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya makazi ya haki kwa nchi nzima, na mwaka 1974 wapiga kura wa California, walipoipanga upya sura ya haki katika katiba yao, waliyaondoa maneno ya kifungu kile. Wengi walipewa tena nafasi ya kuamua, na safari hii aliyekuja kupanga nyumba hakuwa amefungiwa nje ya shauri.