Chaki na manila: nani analipa?

Mtoto wa darasa la kwanza kule Ikungi au Mkalama akirudi nyumbani anaimba herufi alizozisoma kwenye manila ukutani, mzazi hufurahi. Wachache huuliza manila ile ilinunuliwa na nani. Mara nyingi ni mwalimu mwenyewe, pamoja na markapeni na gundi. Walimu wengine wa kike huweka hata pakiti ya taulo za kike kwenye droo, kwa ajili ya binti atakayeshtukizwa na hedhi katikati ya kipindi.

Shule za msingi za serikali hazitozi ada. Ruzuku ni Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na si yote inayofika shuleni. Sehemu hubaki kwa ajili ya vitabu. Hiyo ni chini ya Sh1,000 kwa mwezi, na humo humo kuna mitihani na ukarabati mdogo.

Mfanyabiashara anayetunza hesabu huondoa gharama zake kabla faida haijatozwa kodi. Mwalimu aliyeajiriwa hana nafasi hiyo. Marekani wanayo tangu 2002: mwalimu huondoa gharama za vifaa vya darasani kwenye kipato kinachotozwa kodi, mwanzoni hadi dola 250, na kuanzia 2022 dola 300.

Ni haki, lakini piga hesabu. Mwalimu mwenye kipato cha kutozwa kodi cha Sh600,000 kwa mwezi hukatwa Sh36,000. Akinunua vifaa vya Sh15,000, na sheria ikaruhusu vitolewe, kodi itapungua Sh3,000 tu. Sh12,000 zinabaki kuwa mzigo wake. Na nafuu ya kodi huweza kupotea njiani: VAT ya taulo za kike iliondolewa 2018, ikarudishwa 2019 kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka.

Kwa hiyo wa kusukumwa kwanza ni ruzuku. Mzazi ana haki ya kuuliza kamati ya shule imeingia kiasi gani na imenunua nini. Mchango wa hiari unaruhusiwa, ila mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu yake.

Msimu huu wa alizeti, kabla ya kutupa, kumbuka kuwa vizibo vya soda na magunzi hufundishia kuhesabu, na salfeti iliyofuliwa huandikwa herufi vizuri kuliko manila, tena haichaniki.