Mafuta ya Taa Yasitumike Kutoa Lebo Kwenye Kreti za Mbao

Kreti za mbao za nyanya na parachichi huzunguka mikononi mwa watu wengi, na kila anayezitumia hubandika lebo yake juu ya ya mwenzake. Mzigo ukioza njiani, mnunuzi hupiga simu kwa namba ya kwanza anayoiona, na huenda mwenye namba hiyo aliuza mwaka jana! Kwa hiyo lebo za zamani zitoke. Tatizo ni namna tunavyozitoa.

Wengi husugua kwa mafuta ya taa. Lebo inatoka, sikatai, lakini mbao hunywa mafuta hayo na harufu hukaa humo muda mrefu, kisha inaingia kwenye mazao. Petroli ndiyo mbaya zaidi, kwani mvuke wake hudaka moto upesi.

Kabla ya kubandua, soma lebo. Kama kreti ilibeba viuatilifu au mbegu zilizotiwa dawa, isibebe chakula hata ukiiosha mara kumi, na isifanywe kuni za kupikia. Anayebandua lebo ya namna hiyo ili auze kreti anamficha mwenzake sumu. Mimi huo nauita udanganyifu. Na wanaogonga kreti kwa mbao za paleti watazame muhuri: HT ni mbao iliyotibiwa kwa joto, MB ilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi. Chagua HT.

Kreti isiyo na shida hiyo inahitaji joto tu. Igeuze lebo ielekee jua la mchana kwa nusu saa hivi, au weka kitambaa juu yake upitishe pasi yenye moto mdogo. Gundi ikilainika, anza kona moja, vuta polepole ukiilaza lebo. Karatasi iliyong'ang'ania ifunike kwa kitambaa chenye maji ya moto na sabuni. Usiloweke kreti nzima, mbao zitavimba na misumari italegea.

Gundi iliyobaki ikwangue kwa kisu butu, ukifuata nyuzi za mbao. Kwenye mbao yenye rangi, paka mafuta kidogo ya kupikia, subiri dakika 10, kisha osha kwa sabuni. Mbao tupu usiipake, itabaki na doa na mafuta yatachacha. Hiyo ipige msasa, ila gundi ikiwa kavu, maana ikiwa laini huziba msasa wote. Kausha kreti vizuri kabla ya kupakia, isije ikaota ukungu.

Binafsi ningependa tuache kubandika. Kata kipande cha boksi, andika jina, zao, uzito na tarehe, toboa tundu, kifunge kwa kamba kwenye ubao wa juu. Mzigo ukifika, kamba inakatwa kwa wembe na kreti inarudi ikiwa safi.