Nani Amekula Kazi ya Kalunguta?

Barabara ikifungwa kwa mawe mjini Butembo, mkubwa mmoja husogea kwenye maikrofoni na kutangaza kwamba ni vijana wasio na shughuli, wanaotumwa na wanasiasa. Kijana akikamatwa porini na bunduki, maneno ni yale yale. Duka likivunjwa Beni, yale yale. Kisha mkubwa hupanda gari lake la vioo vyeusi, wapiga picha wanafunga mizigo yao, na swali lenyewe linabaki bila mtu wa kulijibu: vijana hao wamekosa shughuli kwa mkono wa nani? Kama kuwafungulia njia ya kazi hakukuwa jukumu lako wewe uliyeshika maikrofoni, unalipwa kwa lipi?

Njoo Kalunguta, mheshimiwa. Si mbali. Iko kwenye barabara ya taifa nambari 2, ndani ya zile kilomita 54 za kutoka Butembo hadi Beni, na kila unapokwenda kuhutubia unatupita kwa kasi ukituachia vumbi. Simama siku moja alfajiri. Utaona akina mama wameinama chini ya mafurushi ya mihogo na ndizi, vijana wanasukuma baiskeli zilizobeba makaa, wamotari wamejipanga juu ya pikipiki ambazo si zao, na jioni lazima wampelekee mwenye pikipiki fungu lake hata kama siku ilikuwa mbaya. Utamkuta mwenye lisansi ya Chuo Kikuu cha Graben akiuza vocha na kubadilisha shilingi za Uganda. Utamkuta mwalimu wa NU, yaani yule anayefundisha mwaka baada ya mwaka bila Kinshasa kumwingiza katika orodha ya malipo, akitoka darasani mchana kwenda kulima shamba la mtu ili watoto wake wale. Hao ndio wasio na shughuli? Hao wanafanya kazi hadi mgongo unalia. Wanachokosa ni ujira, na ujira huo haukuyeyuka. Kuna walioula.

Kinshasa wana njia nyingine ya kutufuta, nayo ni ya karatasi. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, mtu aliyefanya kazi ya kujipatia kitu kwa saa moja tu katika wiki anahesabiwa kuwa ana kazi. Mama aliyeuza vikombe vitatu vya maharagwe siku ya Jumatatu ana kazi. Mmotari aliyepata mteja mmoja ana kazi. Ndiyo sababu makadirio yanaipa Kongo ukosefu wa kazi ulio chini ya 10 kwa 100, wakati Afrika Kusini, nchi ya viwanda na migodi, imepita 30. Ukiziamini karatasi hizo, kijana wa Johannesburg angepaswa kufunga safari kuja kutafuta kazi kwetu. Karibu, kaka. Njoo na jembe lako.

Tarehe 20 Januari 2024 Rais Tshisekedi alikula kiapo cha muhula wa pili, na katika ahadi zake sita kwa taifa ya kwanza ilikuwa ajira. Mwaka wa 2025 serikali ikapandisha mshahara wa chini kabisa kutoka faranga 7,075 kwa siku hadi 14,500. Tunashukuru. Sasa mtuonyeshe na mwajiri wa kuulipa.

Ukiwabana kwa ahadi hizo, ndipo wanapoanza kusukumiana. Walio madarakani wanamtaja Kagame, wakimaliza wanamtaja Kabila. Wapinzani wanamtaja Tshisekedi, na wengi wao wanasahau viti walivyovikalia jana. Wabunge wetu wanalaumu utawala wa kijeshi tuliowekewa tangu Mei 2021. Wanajeshi wanalaumu wabunge, eti ndio wachochezi. Kila mmoja ana kipande cha ukweli mfukoni, na kipande hicho ndicho anachokitumia kufunika yaliyo yake.

Vita ni kweli; hapa hakuna anayehitaji kuelezwa. Waasi wa ADF wanachinja watu wa Beni tangu Oktoba 2014. Usiku wa kuamkia 20 Oktoba 2022 waliingia Maboya, majirani zetu, wakachoma kituo cha afya, na Sista Marie-Sylvie Vakatsuraki, mtawa aliyekuwa daktari, akauawa. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Januari 2025, benki zake zikafungwa na uongozi wa jimbo ukahamia Beni. Shamba usiloweza kulifikia haliwezi kukulisha, sembuse kumwajiri mwingine. Yote hayo nayakubali. Lakini aliyesimama kwenye bariere mchana kweupe si ADF.

Mzigo wa kahawa au mihogo ukitoka kijijini kwenda soko la Butembo unakutana na kamba ya bariere. Kamba hii ina askari wa jeshi, ile ina polisi. Mbele yuko mtu wa kodi mwenye kitabu cha risiti, na mbele zaidi yuko mtu wa kodi ambaye hana hata kitabu. Ukidhani umemaliza, unawakuta Wazalendo, wanamgambo wanaotaka malipo ya jetoni kwa sababu, wanasema, wao ndio wanaotulinda. Mmotari anashuka, anatoa, anapanda. Mfanyabiashara naye si mjinga: kile atakachokiacha kwenye kamba amekwisha kukikata katika bei aliyompa mkulima. Na mkulima aliyekatwa hawezi tena kumwita kijana wa jirani aje apalilie kwa siku mbili. Kibarua kimekufa hapo, katika gunia moja, kabla halijafika sokoni. Kijana aliyekikosa anakwenda wapi? Anakwenda kushika kamba. Bariere imekuwa mwajiri asiye na mpinzani kwenye barabara hii, na mishahara yake inatoka katika gunia la mama.

Utawala wa kijeshi uliletwa kwa hoja kwamba utawamaliza wenye bunduki. Umeongezwa muda mara nyingi hata waliokuwa wanahesabu wameacha. Basi utuambie jambo moja dogo tu: tangu Mei 2021, bariere zimepungua kwa ngapi?

Tuna pia hadithi ya lami. Tarehe 16 Juni 2021 Museveni na Tshisekedi walikutana mpakani Mpondwe na Kasindi kuzindua ujenzi wa kilomita 223 za barabara, zikiwamo hizi 54 za Beni na Butembo. Uganda ilikubali kubeba 20 kwa 100 ya gharama, na kampuni ya Dott Services ikapewa kazi. Nenda ukaihesabu lami mwenyewe. Na mahali ulipoiona, uliza ni vijana wangapi wa vijiji vya kando walioandikwa kazi hapo kwa mkataba. Mfuko wa kutunza barabara, FONER, upo tangu 2008, na hakuna dereva hapa asiyejua kwamba katika kukusanya hausinzii.

Lakini ukitaka kuona jinsi njaa ya kazi inavyotumiwa na wenye nguvu, kumbuka Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kuanzia Mangina, na ukanda wa afya wa Kalunguta haukupona. Ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Pesa ziliingia hapa kwa wingi ambao hatujapata kuuona, na pamoja nazo kazi: madereva, wafuatiliaji wa waliogusana na wagonjwa, wanyunyiza dawa, wazikaji. Watu wakaangalia nani anashuka kwenye ndege. Walishuka walioletwa kutoka mbali kuja kushika nafasi za mshahara mnono, na wa hapa wakabakiziwa mapipa ya maji ya kunawa na majembe ya makaburi. Magari ya kukodisha yalikuwa ya nani? Wenyeji wanajua. Vijana walipokasirika wakaambiwa ni wajinga wasioamini ugonjwa. Wapo waliokuwa wajinga kweli, na damu ya wahudumu wa afya waliouawa haina udhuru. Lakini wengi waliamini ugonjwa vizuri sana. Walichokataa kuamini ni orodha ya walioajiriwa.

Mbaya zaidi ilikuja baadaye. Tarehe 28 Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake: watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono katika shughuli za Ebola, na 21 kati yao walikuwa waajiriwa wa shirika hilo lenyewe. Wanawake walieleza walivyoahidiwa kazi kwa sharti la kulala na mwanaume, na wengine walivyotakiwa walipe kwa mwili ili wasifukuzwe. Soma tena. Binti wa Beni au Butembo, mwenye diploma, mwenye mdogo wa kumsomesha, anaambiwa kituo cha kunawisha watu mikono kina bei, na bei ni yeye. Mwanaume yule hakuhitaji panga. Alihitaji binti asiye na mlango mwingine wa kubisha, na milango yote ilikuwa imefungwa na hao hao wanaomwita leo mtu asiye na shughuli.

Na katika mwaka ule ule wa Ebola Kinshasa ilitufutia kura. Tarehe 30 Desemba 2018 nchi ilimchagua rais. Beni na Butembo tukaambiwa tungoje Machi 2019, eti ugonjwa na usalama, wakati rais alikuwa ameapishwa tangu Januari. Sokoni tulisongamana, kanisani tulisongamana, ila mbele ya sanduku la kura ndipo tungeambukizana! Vijana wa Beni walijiwekea uchaguzi wao wa mfano siku hiyo, wakapanga foleni kwa utulivu. Sikusikia mkubwa yeyote akiwasifu kwa kuwa na shughuli.

Wanasiasa wa nyumbani nao wasijifiche nyuma ya Kinshasa. Julien Paluku aliongoza jimbo hili kuanzia 2007 hadi 2019, kisha akapewa wizara ya viwanda ya nchi nzima, na mwaka wa 2024 biashara ya nje. Mbusa Nyamwisi alitawala Beni na Butembo enzi za waasi wa RCD-K/ML, akawa waziri chini ya Kabila, akarudi kuwa waziri chini ya Tshisekedi mwaka wa 2023. Ni watoto wetu, tunawaheshimu, na kwa heshima hiyo hiyo tunawadai hesabu: katika miaka yote hiyo ya viti, nionyesheni ukuta wa kiwanda mlichokileta kwenye barabara hii. Wakubwa wa biashara wa Butembo pia wameze kidonge chao. Wanajisifu kwamba mji umejijenga bila Leta, yaani serikali, na ni kweli kwa sehemu. Ila makontena yao yanakuja yamejaa kutoka Dubai na Guangzhou, na kazi wanazotoa zinaishia kwa mpwa na shemeji.

Mwaka wa 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani. Kakao ya Beni iliendelea kuondoka ikiwa punje, nyingine kwa magendo kupitia Uganda, na anayelipwa kwa kuigeuza chokoleti hakai hapa. Wanasema kiwanda hakiwezekani kwa sababu ya vita. Mbona Mutwanga, chini ya Ruwenzori, katika sekta ambayo ADF wameua watu, Hifadhi ya Virunga imejenga mtambo wa umeme na kiwanda cha chokoleti? Ni kidogo, najua. Lakini kimewaondolea wavivu wa ofisini udhuru wao.

Sasa serikali ya jimbo iko Beni, mwendo mfupi kutoka hapa, na umbali hauwezi kutajwa tena. Ibandikeni kwenye kila bariere orodha ya kodi halali, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mama anaweza kuzisoma, na kamba isiyo na orodha ikatwe siku hiyo hiyo. Mwalimu wa NU aandikwe, alipwe. Majina ya vijana wanaoajiriwa kwenye lami yabandikwe Kalunguta, Maboya na Kabasha, tuyasome wenyewe.

Na wewe msomaji mwenye kadi ya kura: 2028 watakuja na fulana na chumvi. Pokea chumvi, ni kodi yako inarudi. Kisha mwombe mgombea akutajie jina la kijana mmoja wa Kalunguta anayepokea mshahara kwa sababu yake, kijana asiye ndugu yake. Akikosa jina, usimpe kura.