Kopo la Elfu Sitini au Trei Nne za Mayai? Acheni Kuwalisha Wazee Matangazo

Ndugu mkulima na ndugu mwenye duka, leo siandiki kuhusu mbolea wala viwavijeshi. Naandika kuhusu makopo. Yale ya unga wa virutubisho vya wazee ambayo siku hizi yanafika mpaka magulioni, yakiuzwa na vijana waliovaa tai huku spika inapiga kelele juu ya gari. Eti yanarudisha nguvu, yanaondoa maumivu ya magoti, yanashusha presha na sukari, yote kwa kijiko kimoja asubuhi. Nasema wazi: kwa wazee wengi wa vijiji vyetu hela hiyo imetupwa. Na inauma zaidi kwa sababu njaa ya mzee yule ni ya kweli.

Chukua kopo ugeuze nyuma usome. Tuseme ni la gramu 400 na wamekuuzia elfu sitini. Ukikuta limeandikwa gramu 16 za protini katika kila gramu 100, basi kopo zima lina gramu 64. Mzee wa kilo 50 anahitaji kati ya gramu 50 na 60 za protini kwa siku moja, maana wataalamu wa lishe ya wazee wanashauri gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito. Kwa hiyo kopo lile lote ni protini ya siku moja na kidogo. Sasa elfu sitini hiyo hiyo, yai likiwa shilingi 500, ni mayai 120, yaani trei nne. Yai moja lina kama gramu 6. Zidisha: gramu 720. Mayai mawili kila siku kwa miezi miwili, dhidi ya kopo linaloisha kabla mwezi haujaisha. Na kama kuku ni wako, hata hiyo 500 huitoi.

Mtu ataniambia, "Mbona Ulaya kwenye nyumba za wazee wanawapa vinywaji vya namna hiyo?" Ni kweli wanawapa. Chupa ya mililita 200 huwa na kalori kama 300, na humsaidia mtu aliyetoka upasuaji, mwenye saratani, au asiyeweza kutafuna. Lakini hata huko, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2009 yaliyokusanya majaribio 62 yalikuta wazee waliopewa virutubisho waliongezeka uzito kwa asilimia 2 hivi tu, na manufaa makubwa zaidi yalionekana kwa wale waliokuwa wamedhoofu. Hakuna aliyekuta magoti yamepona. Tena huko mtu anakabidhiwa kinywaji baada ya kupimwa, na chakula cha kawaida kinaendelea. Hapa kwetu mzee anapewa kijiko cha unga ndani ya maji, halafu mchana anakula ugali wa sembe na mchicha usio hata na tone la mafuta.

Huku kwetu mzee wa kwenye makazi ya serikali, kama Kolandoto, Bukumbi au Nunge, ni yule asiye na ndugu wa kumtunza. Wazee wengine wote wako majumbani mwetu. Kwa hiyo usiniambie ni kazi ya ustawi wa jamii. Sufuria ni lako.

Tunakaa kwenye ghala la taifa. Mahindi, maharage, viazi, maziwa, parachichi, vyote vinatoka huku. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta Iringa ndiyo inayoongoza nchi nzima kwa udumavu wa watoto, asilimia 56.9, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Njombe ikafuata. Kwa mtoto angalau kuna kelele: mikataba ya lishe inasainiwa, halmashauri zinaagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Kwa mzee sijawahi kuona mstari kama huo kwenye bajeti yoyote niliyoshika. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003. Zanzibar tangu Aprili 2016 wanawalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na kuendelea, walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku Bara bibi anasubiri TASAF kama jina lake limo. (Najua mimi ni mtumishi wa serikali. Bado nasema.)

Lakini serikali haikuuza maharage yako mwezi wa sita. Uliuza wewe, gunia la mwisho, debe la mbegu likabaki, na mwezi wa kumi na mbili unayanunua kwa bei ya juu au huyanunui kabisa. Mayai yanaenda dukani, maziwa yote yanaenda kwenye kituo cha kukusanyia, parachichi linangoja mnunuzi wa nje. Anayebaki na sembe ni bibi, ambaye naye analea wajukuu watatu na anawapunguzia sahani yake. Babu naye meno hayapo, maharage magumu hayatafuniki, basi anapitishia siku kwa ulanzi, na sisi tunacheka kwamba mzee hana hamu ya kula.

Wewe mwenye duka, sikuzuii biashara. Ila chakula kama hicho tangu 2019 kinasimamiwa na TBS, na dawa zinasimamiwa na TMDA. Kopo lisilo na alama, au la chakula linalodai kutibu sukari, usiliweke kwenye rafu yako, maana anayejulikana kijijini ni wewe, kijana wa spika keshahama. Na vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kimya kimya, vingine ni dawa za jamii ya steroidi: vinapandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Mwili unavimba, watu wanasema amenawiri. Uza dagaa wazuri badala yake. Wateja wapo.

Hela hujatoa bado, basi anza kwa kupima. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kigimbi cha mguu wa mzee pale palipo panene. Chini ya sentimita 31 ni dalili mbaya, mradi mguu haujavimba. Nguo zilizolegea, au kilo zaidi ya 3 zilizopotea ndani ya miezi mitatu, ni dalili mbaya pia. Kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji mizani ipo. Simameni kwenye mkutano wa kijiji mdai na wazee wapimwe.

Halafu sufuria. Uji wa dona upikwe kwa maziwa, na yai likorogwe humo likiwa bado jikoni mpaka liive. Maharage yalowekwe usiku, yaive kabisa, yapondwe. Usipa wa Kyela au dagaa wengine wakaushwe tena, wasagwe: gramu 10 za unga huo, kijiko kikubwa kilichojaa, zinakaribia protini ya yai moja, na haihitaji meno. Parachichi lililokataliwa na mnunuzi kwa sababu ya kovu la ganda ndani ni zima. Liponde, weka chumvi kidogo. Soya usisage mbichi, ichemshe kwanza na uikaange. Karanga na mahindi yenye ukungu usiyatie kwenye uji wa mtu yeyote. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mpe kidogo kidogo mara tano kwa siku, na akae na watu wakati wa kula. Kabla hujauza msimu huu, tenga debe tatu za maharage, andika juu ya gunia jina la mzee.

Mzee mwenye ugonjwa wa figo asiongezewe protini bila daktari kusema. Na yule anayepaliwa kila akimeza, au anayekonda ingawa anakula vizuri, mpeleke kituo cha afya wiki hii hii, apimwe na kifua kikuu na sukari. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanatibiwa bila malipo. Beba barua ya mtendaji wa kijiji.