Saa janja ya plastiki: nani ataivaa?

Wahenga walisema rahisi ghali, na katika biashara ya vifaa vya kielektroniki usemi huo umekuwa kama sheria. Hata hivyo, kila baada ya miaka michache hutokea kampuni kubwa inayotaka kuupima ukweli wake. Safari hii ilikuwa zamu ya Apple ya Marekani. Mwaka 2024 shirika la habari la Bloomberg liliripoti kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikijaribu toleo la bei nafuu la saa yake janja, Apple Watch SE, ambalo ganda lake lingekuwa la plastiki ngumu badala ya aluminiamu. Machi 2025 shirika hilohilo likaripoti kwamba mpango unayumba: wabunifu wa kampuni hawakupendezwa na sura ya saa hiyo, na watu wa uzalishaji walikuwa wakipata shida kuifanya plastiki iwe nafuu kwa kiasi cha maana kuliko aluminiamu. Septemba 2025 SE mpya ilipotoka, ilikuwa ya aluminiamu, kwa bei ileile ya dola 249 iliyowekwa kwa toleo la mwaka 2022.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza saa ya Wamarekani inatafuta nini katika kurasa za biashara na kilimo. Jibu ni kwamba swali lililowakwamisha Apple ndilo analojiuliza kila muuza pembejeo mwenye duka lake pale sokoni: nikileta bidhaa ileile, iliyotengenezwa kwa malighafi ya bei ya chini, mteja atanijia au atanikimbia? Kwa mtazamo wangu mteja haikimbii plastiki. Anachokimbia ni kulipa bei ya chuma halafu akapewa plastiki.

Tuanze na hesabu. Katika saa janja, ganda ni sehemu moja tu. Kuna kioo, betri, chipu, vifaa vya kupima mapigo ya moyo, na juu ya hayo yote kuna mishahara ya wahandisi wanaotengeneza programu zake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoshuka bei kwa sababu ganda limebadilika. Isitoshe, plastiki inayotakiwa isichunike, isipitishe maji na isififie rangi juani si ile ya kutengenezea ndoo. Inahitaji kalibu za gharama kubwa, ambazo hulipa pale tu zinapotoa vipande kwa wingi sana, wakati mitambo ya aluminiamu tayari ipo na imekwisha kurudisha fedha zake.

Mfano mzuri uko kwa Samsung. Bangili yao ya mazoezi, Galaxy Fit3, ilianza kuuzwa Marekani Januari 2025 kwa dola 60 hivi, na mwili wake ni wa aluminiamu. Saa yao ya Galaxy Watch FE ya mwaka 2024 ilitoka kwa dola 200, nayo ni ya aluminiamu. Sasa mtu akikuletea saa ya plastiki kwa dola 199 akakuambia amekupunguzia kwa sababu ya plastiki, una haki ya kumtazama mara mbili.

Apple wenyewe walikwisha kuumia huko nyuma. Septemba 2013 walitoa simu mbili kwa mpigo. Moja ilikuwa iPhone 5s, ya aluminiamu, yenye chipu mpya na kitambua alama za vidole. Ya pili ilikuwa iPhone 5c, ya plastiki, yenye rangi tano za kuvutia, lakini ndani ilikuwa na chipu ya mwaka uliotangulia. Wachambuzi wengi walikuwa wametabiri kwamba 5c ingekuwa simu ya watu wa kipato cha chini katika nchi kama China na India. Bei ilipotangazwa, ikawa dola 549 bila mkataba, wakati 5s ilikuwa dola 649. Kwa mteja wa Marekani aliyefunga mkataba wa miaka miwili na kampuni ya simu, tofauti ilikuwa dola 99 dhidi ya dola 199.

Mnunuzi akapiga hesabu ambayo kila mama wa sokoni angeipiga. Aliyekuwa na dola 549 hakuwa maskini, na kwa kuongeza 100 tu alipata simu mpya kwelikweli. Asiyekuwa nazo alikuwa bado yuko mbali na zote mbili. Januari 2014 mkuu wa kampuni, Tim Cook, alikiri mbele ya wachambuzi wa fedha kwamba mgawanyo wa mahitaji kati ya simu hizo mbili haukuwa kama walivyotarajia. Kwa lugha ya dukani, 5s zilitakiwa zaidi ya walivyodhani na 5c pungufu. Plastiki ikabebeshwa lawama, lakini mimi naona kosa lilikuwa kwenye pengo la bei. Shilingi ulizompunguzia mnunuzi hazikutosha kufuta aibu ya kuonekana amechukua ya pili kwa ubora.

Na aibu hiyo si jambo dogo katika kitu kinachovaliwa. Simu unaweza kuitia mfukoni. Saa iko mkononi ukisalimiana na watu, ukihesabu fedha, ukiinua mkono kwenye kikao. Mwaka 2015 Apple walipoanza kuuza saa janja walitoa hadi ya dhahabu, iliyoanzia dola 10,000. Mwaka uliofuata wakaiondoa sokoni, maana hata matajiri hawapendi dhahabu ambayo chipu yake itachakaa baada ya miaka michache. Heshima ya mkononi ina mipaka yake juu na chini.

Sasa tazama upande wa pili wa historia, ambako plastiki ilishinda. Mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya saa vya Uswisi vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, kwa sababu Wajapani walikuwa wakitoa saa za betri zilizo sahihi zaidi na za bei ya chini. Machi 1983 Waswisi wakajibu kwa Swatch, saa ya plastiki iliyouzwa kwa faranga kati ya 40 na 50. Wahandisi wake hawakuchukua saa ya kawaida na kuivisha gamba la plastiki. Waliibuni upya. Saa za namna hiyo zilikuwa na vipande zaidi ya 90. Wao walishusha hadi 51, na ganda lenyewe wakaligeuza kuwa sehemu ya mtambo, vipande vikifungwa moja kwa moja ndani yake. Haikufunguliwa wala kutengenezwa. Ikiharibika unanunua nyingine. Kisha wakaipaka rangi na michoro kiasi kwamba mtu alinunua mbili au tatu za kubadilisha na nguo. Hapo plastiki ilifanya kazi ambayo chuma kisingeweza kwa bei ile, na bei ilishuka kweli.

Miaka karibu 40 baadaye ukoo huohuo ulirudia mchezo. Machi 2022 Swatch na Omega walitoa MoonSwatch kwa dola 260, mfano wa saa ya Omega ambayo ya chuma huuzwa kwa maelfu ya dola, na foleni zilifungana mbele ya maduka katika miji mikubwa. Ganda lake theluthi mbili ni kauri, na theluthi moja ni malighafi inayotokana na mafuta ya nyonyo. Ndiyo, nyonyo hii hii inayojiotea nyuma ya nyumba zetu na ambayo bibi zetu walitupakia nywele. Mzalishaji mkubwa wa nyonyo duniani ni India. Sisi bado tunaiona kama gugu, lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.

Wakulima wetu nao wamekwisha kupiga kura juu ya plastiki. Mtungi wa udongo uliachia nafasi dumu la lita 20, na bomba la zamani la chuma na shaba la kupulizia dawa likaachia nafasi bomba la plastiki la mgongoni. Bei ilisaidia, lakini si hiyo tu. Bomba la plastiki ni jepesi kwa mtu anayezunguka ekari mbili akiwa na lita 16 mgongoni, na haliliwi na kutu. Hakuna mkulima niliyemsikia akisema amenunua bomba la plastiki kwa kukosa uwezo wa la shaba. Ananunua kwa sababu ni bora kwa kazi yake.

Kwa hiyo saa janja ya plastiki ya Apple ingempendeza nani? Naona kundi moja la kweli, nalo ni watoto. Tangu mwaka 2020 kampuni hiyo imemruhusu mzazi mwenye iPhone kumfungia mtoto saa yake ili ajue alipo na aweze kumpigia. Mtoto huanguka, hupoteza, hukua. Hana haja ya aluminiamu, na mzazi anatafuta bei ambayo haitamuuma saa ikiachwa uwanjani. Lakini hapo bei ingepaswa kushuka mpaka kwenye dola 150 hivi au chini yake. Dola 30 za kupunguza hazimwamshi mtu. Na ikishuka hivyo, baadhi ya watu wazima waliokuwa tayari kulipa 249 nao wataichukua, kampuni ikapoteza faida upande huo. Nadhani hapo ndipo penye hofu yao, kuliko kwenye sura.

Kwetu hapa hesabu ni nyingine kabisa. Apple Watch haifanyi kazi bila iPhone, na simu za wengi wetu si hizo. Dola 249 ni zaidi ya shilingi 600,000 kabla ya usafiri na ushuru. Ukienda Kariakoo utakuta saa janja za plastiki zimejaa vibandani na watu wananunua bila kuuliza ganda ni la nini. Soko la saa janja ya plastiki ya bei rahisi tayari tunalo. Tusichokuwa nacho ni uhakika wa kilicho ndani.

Nasema hivyo kwa sababu imenigusa nyumbani. Mwaka juzi mjomba wangu, mkulima wa mpunga bonde la Kilombero mwenye presha ya miaka mingi, alinipigia simu: "Mjomba, nasikia kuna saa zinapima presha mkononi. Niletee moja niache kusumbuana na foleni ya zahanati." Nikanunua kwa shilingi 45,000. Kijana aliyeniuzia aliniapia, "Kaka, hii orijino." Mjomba akaifurahia sana. Kila asubuhi ilimwambia 120 kwa 80, au karibu na hapo, naye akaanza kuruka vidonge, maana saa inasema mambo ni mazuri. Miezi mitatu baadaye akapelekwa zahanati akiwa anaumwa kichwa na macho yana giza. Kipimo cha muuguzi kikasoma 180 kwa 110.

Niliporudishiwa ile saa nilifanya jaribio la kipuuzi. Niliifunga kwenye gunzi la mahindi. Ikatafakari kidogo, kisha ikanijulisha kwamba gunzi lina mapigo 74 kwa dakika na presha ya 118 kwa 79.

Laiti ningejua kabla ya kununua kwamba hata Apple, kwenye saa yao ya dola 399, hawatoi namba za presha. Walichoanza mwaka 2025 ni tahadhari tu: saa inafuatilia kwa muda wa siku 30, ikiona dalili za shinikizo kubwa inamwambia mvaaji akapime kwa kifaa cha kweli. Na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya Februari 2024 kwamba haikuwa imeidhinisha saa wala pete janja yoyote inayodai yenyewe kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Vibandani kwetu zimeandikwa hivyo kwenye boksi, kwa herufi kubwa.

Ndiyo maana naamini kampuni itakayoleta saa ya plastiki ya shilingi 80,000 au 100,000, inayohesabu hatua na kupima mapigo ya moyo kwa ukweli, betri ikakaa wiki, na boksi lake likasema wazi haipimi presha wala sukari, itauza sana kuanzia Dar es Salaam hadi Ifakara. Mteja wetu aliivaa Casio ya plastiki kwa miaka mingi bila kuona haya, kwa sababu ilimwambia saa iliyo sahihi. Na wanaosimamia viwango na vifaa tiba nchini wanaweza kuanza na jambo dogo: kuyasoma maandishi ya maboksi yanapoingia bandarini, kabla hayajafika kwa wazee wetu.

Mjomba amerudi kwenye vidonge na kwenye foleni ya zahanati, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mkononi amerudisha Casio yake ya zamani. Juzi rafiki yangu aliniomba nimsindikize Kariakoo kumnunulia mama yake saa janja. Nilikubali, na kabla ya kutoka nyumbani nikapita jikoni nikachukua gunzi nikalitia kwenye mfuko wa koti.